Chupa ya Onzima

Chupa ilikuwa ya waragi; karatasi yake
bado imeng'ang'ania ubavuni, nusu imechunika.
Mjomba Onzima aliisuuza kwa majivu na maji moto
ndipo akatia asali, akaziba kwa gunzi na nta.

Miaka kumi na minne imekaa juu ya kabati, hapa Arua,
ikaganda, ikawa chembechembe kama mchanga wa Enyau
wakati wa kiangazi. Sikuila.
Niliila kwa macho tu.
Maana ukiitazama Terego leo, toka barabarani,
ni mikaratusi imejipanga kama wanafunzi gwarideni;
mishea ilikwisha, mingine mkaa,
mingine kuni za mabanda ya tumbaku,
na mkwaju uliobeba mizinga saba
umeacha shimo, mbuzi hunywea humo maji ya mvua.

Basi nilijiambia: kilichobaki cha bonde lile
kimo humu, lita moja.
Nikiila, nalimaliza.

Jumapili mama alikohoa usiku kucha.
Mama, ambaye tangu mwaka jana huniita "bwana mgeni,"
hunikaribisha kiti nyumbani kwangu mwenyewe.
Nikaisimamisha chupa kwenye sufuria ya maji ya vuguvugu,
nikangoja. Ilishuka polepole, nyeusi kuliko nilivyodhani.
Kijiko kimoja.

Nilipoonja kidogo kwanza, nikaona aibu:
ilinuka moshi. Uchungu nyuma ya ulimi.
Asali mbovu, nikasema, nimeitunza bure.

Mama akafumba macho, akaitembeza mdomoni
kama mtu apapasaye ukuta gizani akitafuta mlango.
"Ya mkwaju," akasema. "Mzinga wa chini.
Mishea ilikuwa imekwisha kupukutisha maua.
Onzima alikuwa na homa siku ile,
mikono inamtetemeka, nyuki wamekasirika.
Nilimwambia: punguza moshi. Hakusikia.
Kaka yangu hakuwahi kusikia."

Mwezi uliofuata tulimzika. Hilo hakulisema.

Fuata nyuki ule asali, husema watu.
Mimi sikumfuata yeyote;
nilikuwa mjini, nahesabu mifuko ya saruji,
na homa ya mjomba imenifikia leo
kwa kijiko.

Mama akakilamba pande zote mbili,
akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima:
"Asante, bwana mgeni. Na kwenu kuna nyuki?"

"Walikuwepo," nikasema.
Nikachota cha pili.