Njia ya Sinia

Ghorofa ya pili, nyumba ya Kiponda.
Tumetoa busati, tumetoa kabati la sahani,
kitanda cha besera tumekifungua vipande tisa.
Sasa sakafu iko uchi:
marumaru nyeupe, marumaru nyeusi,
bao la dama lisilo na kete.

Pandu anataka mashine.
"Siku mbili tu," anasema, "inang'aa kama hoteli."
Namwambia lete ndoo. Lete maji ya mvua,
ya kisima yana chumvi, yataacha ukungu.
Lete jiwe la kusugulia, lile lililomeguka upande,
na msasa: mkali kwanza, kisha laini,
kisha ule ambao kidole hakiutambui.
Na ndimu zako za chai zitoe nje, ziweke barazani.
Marumaru na ndimu hazilali chumba kimoja.

Ushahidi huu hapa, chini ya dirisha:
duara, ukubwa wa kitako cha gilasi.
Mtu aliweka sharubati akasahau kuinyanyua.
Harusi ya nani? Ugomvi gani ulimwondosha?
Nalisugua saa nzima. Duara linakwenda zake
na kisa chake sitakijua.

Kung'arisha ni kupunguza. Hilo wenye nyumba hawalisikii.
Wanadhani napaka kitu, kama mtu apakavyo mafuta ya nazi.
Sipaki. Nakula jiwe, unywele kwa unywele,
mpaka mwanga upate pa kusimama.

Bi Raya anapanda ngazi, mkono mmoja kwenye kamba,
mkono mwingine simu, na ndani ya simu mwanawe, yuko Maskati.
"Muulize fundi, mama. Lile bonde litajazwa?"

Lile bonde.
Nimelijua tangu asubuhi, kwa magoti kabla ya macho.
Katikati ya ukumbi, walipokaa wenyewe juu ya mazulia,
jiwe ni zima, kingo kali, utadhani limeshuka melini jana.
Lakini pembeni, sambamba na ukuta,
tangu ngazi ya nyuma hadi mlango wa ukumbi,
vipande kumi na saba vimezama,
kina cha kijiko.
Si viatu. Viatu vilivuliwa chini.
Ni nyayo, na mchanga wa uani uliong'ang'ania nyayo,
zikienda na wali, zikirudi na mifupa,
zikienda na birika la kunawia,
zikienda usiku wa manane na maji ya anayekohoa,
mwaka baada ya mwaka,
bila ruhusa ya kukata katikati.

Bibi yangu, mzaa baba, aliitwa Mtumwa.
Sisi watoto tulidhani ni jina tu, kama Tatu, kama Subira.
Hata uani kwetu Kikwajuni, uwanja mtupu, hakuna mgeni,
alipita pembeni, bega likigusa ukuta.
Tukimcheka.

"Fundi, litajazwa?"
Naweza. Upo unga wa marumaru, ipo gundi.
Naweza kung'oa kila bamba nikaligeuza, tumbo juu.
Naweza kuishusha sakafu yote kina cha kijiko
pasiwe na bonde, wala aliyepita.

Hayo sikuyasema. Nilisema:
vua ndara, Bi Raya, pita hapa.
Akavua. Akapita, kiganja ukutani, polepole,
mwanamke ambaye maisha yake yote
huuvuka ukumbi huu kwa katikati.
Kwenye kipande cha tisa akasimama.
"Pamenienea," akasema,
kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenziwe gizani.
Simu ikaita, "Mama? Mama, unanisikia?"
Akaifunika kwa mtandio.

Vile kumi na saba nimevipitishia nta tu,
kwa kipande cha kanga kuukuu.
Alasiri Pandu akamwaga ndoo ya mwisho.
Maji yakatapakaa, yakasita,
yakauacha ukumbi mzima uliong'aa,
yakajikusanya pembeni, ukutani,
yakashika njia
mpaka ngazi ya nyuma.