Kitovu cha Pili

Mchungaji Bukuru, usinifundishe kuzaliwa.
Wewe ulitanguliza miguu.
Usiku wa masika, chemli ikikoroma kwa kuishiwa mafuta,
nilikupokea mweusi wa kukosa pumzi,
kitovu kimekuzunguka shingo mara mbili,
na kulia ukakataa.
Nikakupulizia kinywani.
Pumzi yako ya kwanza hapa Uvinza ilinuka ugoro wangu, nisamehe.
Pacha wako Butoyi akafuata, anateleza tu,
kama njia umemfyekea wewe.

Leo umevaa tai, unaniambia,
"Mama Domitila, huna budi kuzaliwa upya."
Mimi? Na magoti haya?

Miaka thelathini na minane nimekaa mlangoni pa dunia
na sijaona aliyeingia msafi.
Wala sijaona mtoto aliyeamua.
Ninyi mnahubiri, "Amua leo, amua sasa!"
Mtoto haamui, Bukuru.
Mtoto anabanwa, anasukumwa,
anayetoka jasho ni mwingine,
damu ni ya mwingine.
Hilo hukulisoma chuoni kwenu,
ingawa uliponisikia ulinyamaza,
ukaniangalia kama niliyekutangulia kufika.

Basi nikakwambia na lile la Yustina.

Mwaka ule wa wakimbizi waligonga, usiku wa manane.
Nilikuwa nimekunywa pombe ya ndizi, kitanda kinazunguka.
Nikajibu kwa ndani, "Mwambieni avumilie kukuche."
Hakuvumilia.
Kwenye daftari la zahanati nikaandika maneno mawili,
kwa mwandiko mzuri kabisa:
*Aliletwa amechelewa.*
Gwimo mumewe akatia dole gumba chini yake.
Hajui kusoma. Wino ulibaki kidoleni mwake
hata alipokuwa akishika jembe la kaburi.

Nilitaka uninukulie mstari, Bukuru.
Hukuninukulia.
Ulivua miwani, ukasema, "Jumapili, mtoni."

Ruchugi ilikuwa baridi.
Vijana wanachapa maji kwa fito, wakiwafukuza mamba,
kwaya imelowa hadi magotini,
na wewe kiganja chako kisogoni mwangu,
vilevile nilivyowafundisha mama zenu wote:
kichwa hakiachwi bila mkono.
Ukanizamisha.

Huko chini hakuna mkunga.
Kuna giza, na moyo wangu unagonga
kama watu wale mlangoni, usiku ule,
gonga, gonga,
na safari hii sikusema wasubiri.
Sikusema kitu. Sikufanya kitu.
Kuna aliyenibeba, na haukuwa mkono wako tu.

Nilipoibuka nililia.
Wakapiga vigelegele, wakadhani ni furaha.
Mimi kilio kile nakijua, nimekisikia mara elfu:
ni cha aliyetolewa pa joto
na hajui bado kwamba kuna ziwa.

Jumatatu magoti yaliuma kama Jumamosi.
Hamu ya ugoro, palepale.
Nikacheka peke yangu jikoni:
nani alimwona mchanga wa siku moja
akaagizwa kukimbilia treni?

Nikachukua daftari, nikavuka reli.
Gwimo alikuwa uani anashona magunia ya chumvi,
nywele zake nazo zimekuwa chumvi.
Nikamsomea maneno yale mawili.
Kisha nikamwambia yaliyotokea,
pombe, kitanda, sauti yangu ya ndani,
yote, bila kuyafunga kanga.

Hakusema amesamehe.
Alishona gunia lile hadi mwisho, akakata uzi kwa meno,
akatazama dole gumba lake muda mrefu.
Halafu, kwa mguu, bila kuniangalia,
akasukuma kigoda upande wangu.

Nikakaa.
Kitovu kilikuwa bado kibichi.