Kubandua Januari

Wiki ya pili ya Februari, Kutaisi.
Nugzar anapanda ngazi na koleo mfukoni,
anang'oa pini, anabandua Januari.

La vita limetoka zima, halina hata mkunjo:
saa tatu za mizinga, watazamaji wanne,
na mmoja wao alikuja kuota moto tu.

La mbwa limechakaa.
Watoto walimshikashika pua hadi rangi ikafutika.
Hata muuza nyama wa sokoni
alitoka ukumbini akilaumu vumbi.

La mpelelezi sitaki kulisema.
Tulimjua muuaji kabla bisi hazijapoa.

Limebaki moja, la mwanamke na barua.
Usiku ule umeme ulikatika
dakika kumi kabla ya mwisho.
Tukakaa gizani na makoti yetu, tukipumua mvuke,
kisha tukarudishiwa nusu ya kiingilio.
Kesho yake filamu ikapelekwa Batumi.

Tangu hapo mji haujatulia.
Kwenye foleni ya mkate Lamara anaapa kwamba alirudi;
mfamasia anasema barua haikufunguliwa kamwe.
Nugzar peke yake aliiona yote, siku ya majaribio,
na kila amuulizaye humpa mwisho wake:
Lamara, mjane, alipewa arusi.
Mfamasia akapewa jiko linalowaka.
Mimi alinitazama kitambo,
akanipa gari moshi likiondoka,
dirishani hakuna mtu.

Leo bango hilo amelikunja polepole,
kalitia ndani ya koti.
Mengine kayaacha kwenye theluji,
yakitazama juu.