Swali la Nane

*Eleza mabadiliko yatakayoweza kupimika.*
Nimekaa na swali hili tangu saa moja jioni,
chai imepoa, imevaa utando.
Nipime nini, na kwa mizani ya nani?

Kila Jumanne, ndani ya kanisa dogo
lililoacha kuwa kanisa,
watu thelathini na mmoja wa Cwm Afallen
hunywa supu ya viazi na liki
bila kuvua makoti.
Boila ilikata roho mwezi wa kumi na moja.
Fundi aliigonga mara mbili, akatikisa kichwa kama daktari,
akaniandikia nyuma ya bahasha:
pauni elfu moja, mia nane na sitini.
Kopo letu la biskuti lina mia mbili na tatu
na kifungo kimoja cha shati.

Mkono mtupu haulambwi. Basi nikabisha hodi.

Mfuko wa kwanza ulitaka hesabu za miaka mitatu,
zilizokaguliwa, zenye muhuri.
Wa pili ni wa vijana.
(Kitindamimba wetu, Iolo, ana miaka sitini na minne;
ndiye hubeba viti.)
Wa tatu ulifungwa Ijumaa, nami nilipiga simu Jumatatu.
Wa nne ulitaka sahihi mbili za benki,
za watu wasio na udugu,
na sahihi ya pili ilikuwa ya Maldwyn,
tuliyemzika wiki ya Pasaka, mvua ikitupiga ubavuni.
Benki ikasema: aje mwenyewe ajiondoe.
Nilicheka palepale dirishani,
nikacheka mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Halmashauri walinijibu kwa adabu.
Adabu yenyewe ilijaa kurasa mbili.

Ruzuku na riziki wamenyonya ziwa moja,
ila huyu wa pili, akitaka kuja,
hakuulizi namba ya usajili.

Ni Nerys wa maktaba aliyenivuta pembeni,
kati ya rafu ya bustani na rafu ya maradhi ya moyo.
"Kuna fedha za mlimani," akanong'ona,
kana kwamba ni za wizi.
"Wenye mitambo ya upepo hutenga fungu kila mwaka
kwa vijiji vinavyoiona.
Mwaka jana hakuomba mtu."

Vijiji vinavyoiona!
Na mimi ndiye niliyesimama barabarani miaka tisa iliyopita,
koo limekauka, bango mkononi,
rangi nyekundu ikichuruzika hadi kwenye kiwiko:
MLIMA HAUUZWI.
Mwandiko wangu unajulikana bonde zima.
Bango lenyewe lipo, nusu yake;
tunaziba nalo upepo chini ya mlango wa ukumbi.

Sikulala usiku ule.
Nilijiambia: mlima haukuuzwa, ulikodishwa.
Nilijiambia: Maldwyn angekataa.
Halafu nikamkumbuka Maldwyn na glavu zake,
akishika kijiko kwa ngumi kama mtoto,
akisema supu ni tamu, ni tamu sana,
huku mvuke ukimtoka yeye, si bakuli.

Kesho yake Iolo alitia sahihi pale pa marehemu.
Mkono ulimtetemeka. Ni baridi, alisema.

Sasa ni mimi na swali la nane.
Nimeandika *ustawi*, nikafuta.
Nimeandika *mshikamano wa jamii*, nikafuta,
maneno hayo nimeyaokota kwenye fomu nyingine,
hayajawahi kula Jumanne na sisi.
Ukutani mwa ukumbi kuna misumari arobaini,
ya kutundikia, imeota kutu kwa kukosa kazi.
Naandika:
*Kipimo: idadi ya makoti yatakayotundikwa.*

Swali la tisa: *Mliufahamuje mfuko huu?*
Napangusa kioo kwa mkono wa sweta.
Kule juu, taa nyekundu, na mapanga meupe
yanazunguka polepole kama mtu anayekoroga chungu.
Naandika: *Tunauona.*