Nili

Mtungi wa nili unanuka mkojo, sikufichi.
Majivu, makapi ya ngano, mkojo wa siku tisa,
na juu yake povu la rangi ya shaba.
Mikono yangu ni buluu hadi viwiko tangu niolewe.
Edesa nzima hunijua kwa harufu kabla ya jina.

Kaka yangu Oga alitekwa na wapanda farasi wa Mwajemi
mwaka ule mto Daisani uliporuka ukuta.
Miaka sita. Kisha watu wa ile nyumba ya lango la kusini,
wasioapa kwa mwezi wala kwa nyota,
wakauza taa yao ya fedha,
wakauza na ng'ombe wa mjane nisiyemjua,
wakamrudisha. Sikio moja limebaki huko.
Ndivyo nilivyoingia kwao: kwa shukrani, si kwa hoja.

Nikakuta kuokoka na kuishi kwao ni neno moja.
Neno letu lile lile la sokoni:
aliyeopolewa mtoni, ameishi,
aliyeachwa na homa, ameishi,
na yule waliyemwomba usiku wakamwita Mwenye Kuhuisha.
Mambo ya kwenda mahali hawakuyasema sana.
Walisema Mauti alimmeza mtu asiyemezeka
na tangu siku hiyo tumbo halijamtulia.

Nikamuuliza shemasi Zabdai:
"Fidia ililipwa. Sawa. Alilipwa nani?"
Akakuna shingo. Akasema, Shetani.
Akasema, hapana, mwizi halipwi.
Akasema, njoo kesho.
Naye ni mwoka mikate; kesho ilimkuta na unga wa kukanda.

Oga ndiye aliyejibu, Oga asiyesema,
akikung'uta chumvi kwenye zeituni:
"Siku mlango ulipofunguliwa
sikugeuka kutazama nani anahesabu fedha.
Nilitafuta viatu."

Usiku wa Pasaka tukageuzwa magharibi
tumkane yule wa kukanwa,
kisha mashariki. Wanawake wakashika shuka, nikavua vyote,
hata hirizi aliyonifunga mama.
Jina langu ni Amatsini, mjakazi wa Mwezi;
hawakulibadili, sijui kwa nini.
Na mwezi mwenyewe, mpevu, alikuwa dirishani.
Nilimwonea haya kama bwana wa zamani
unayekutana naye njiani ukiwa na mzigo wa mwingine.

Walisema vazi alilopoteza Adamu limo majini, linangoja.
Mimi fundi wa nguo nikataka kujua rangi yake.
Hakuna aliyejua.
Mafuta kichwani, mafuta mgongoni, baridi,
mara moja, mara mbili, na ya tatu niliimeza pua nzima.
Nikatoka nakohoa, nikapewa maziwa na asali,
na binti mmoja akaitazama mikono yangu, akacheka:
"Mama, hii haikutakata."

Haijatakata. Mama mkwe huniuliza kila wiki,
umeokoka, mbona unadaiwa? mbona unakohoa?
Nami si mtu wa maneno. Humleta hapa, mtungini.
Sufu haitoki humu ikiwa buluu, mama.
Tazama: inatoka na rangi ya nyongo,
ya jani lililokosa jua. Mnunuzi mgeni hugomba,
hudai fedha yake, husema haikushika.
Imeshika. Itundike kambani. Usiiguse.
Ni pumzi tu inayobaki,
na pumzi haiharakishwi.

Akasonya, akaondoka kabla haijageuka.

Oga naye hukaa jikoni siku hizi, anachambua dengu.
Amekombolewa mwaka wa nne huu,
na bado hulala amevaa viatu.
Simvui. Usiku nikipita na taa
huzilegeza kamba kidogo tu.