Gurudumu la Kushoto

Saa tisa kasorobo, Kipawa. Mabati ya karakana yanaalika kwa jua,
nami nimelala chini ya bawa la ndege nyingine
niliposikia redio ya mnara ikitaja namba ninayoijua
kama tarehe aliyozaliwa binti yangu.

Magurudumu matatu. Mawili yameshuka.
La kushoto limegoma.

Kapteni Lyatuu akazunguka. Kwanza juu ya Ukonga,
kisha juu ya Pugu, akichoma mafuta,
akiitikisa ndege kama mtu akung'utaye kiatu
chenye kijiwe ndani. Kijiwe hakikutoka.
Abiria sita kutoka Mafia, na ndoo ya pweza.
Bi Zamzam, niliambiwa baadaye, alivua viatu
akavipanga chini ya kiti, kisigino kwa kisigino,
kana kwamba anaingia nyumba ya watu.

Zimamoto walikwisha jipanga. Festo ameuma kofia yake.
Ikaja, imelalia kulia, inabembeleza,
ikagusa, ikakimbia, ikakimbia vizuri tu,
mpaka bawa lilipochoka kujishikilia.

Sauti ile siwezi kuiandika.
Buruta sufuria la shughuli kwenye sakafu ya saruji,
halafu uwe wewe ndiye uliyeahidi kulibeba.

Cheche. Vumbi. Majani ya kando ya njia. Kimya.
Mlango ukafunguka, nikahesabu kwa vidole vya grisi:
mmoja, wawili, mtoto, Bi Zamzam pekupeku,
sita. Wa saba Lyatuu, kofia kichwani, imenyooka.
Pweza amemwagika kwenye lami;
zimamoto mmoja akateleza, watu wakacheka
kile kicheko kinachopakana na kilio.

Jioni nikaonyeshwa: pini,
ndogo kuliko kidole changu cha mwisho,
imepasuka kwa ndani, mahali tochi haifiki.
"Chuma nacho huchoka," akasema mkaguzi. "Si kosa lako."
Lakini kitabuni sahihi ni yangu, wino wa bluu, Jumanne,
herufi zimetulia, za mtu asiye na haraka.

Nilirudi Kiwalani kwa miguu.
Siku hizi ndege ikipita juu ya bati letu
naacha chakula, natoka uani kulitazama tumbo lake.
Baba, unahesabu nini?
Hadi tatu tu, mwanangu. Kula,
ugali unapoa.