Silabi Moja

Nilijua madaraja ya tumbaku kabla sijajua herufi a.
Nifumbe macho, nipe jani:
hili la chini, hili la kati,
hili limeungulia banini, mnunuzi atalitupa.
Lakini karatasi ya chama cha msingi
kwangu ilikuwa jani lisilo na harufu.
Nilibonyeza gumba, Msabila akabeba hela.

Misimu kumi na mmoja. Gumba.

Kisomo kilikuwa jioni, shule ya msingi Usoke,
kwenye madawati ya darasa la pili,
magoti yetu yakigonga mbao.
Mwalimu Pelagia, mstaafu, sauti ya kufukuzia kuku,
hakuniuliza jicho limepatwa na nini.
Alinipa chaki, akasema: andika.
Ma. Me. Mi.
Nyumbani niliaga kwamba naenda vikoba.
Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika ndoa ile,
na ulikuwa mtamu.

Daftari nililificha kwenye gunia la pumba.
Mwanzoni niliandika mizigo:
*marobota sita. kilo 412.*
Halafu, sijui ni lini, mkono ukaanza kuandika mengine:
*juma nne. mkono wa kushoto.*
*juma mosi. bani. Nyanzala kaona.*
Mwalimu alipofika ukurasa ule
aliweka kalamu nyekundu mezani.
"Haya sitayasahihisha, Kalunde. Yaache yalivyo."

Kisha akanifundisha njia
kama alivyotufundisha kuhesabu,
kwamba tatu haifikiwi bila kupita mbili:
polisi, uchukue fomu ya matibabu;
baraza la kata, hata kama watakwambia vumilia;
ukishapata barua yao, ndipo mahakama.
Barazani waliniambia vumilia.
Wakaandika wao, nikapewa bahasha imefungwa.

Mahakama ya Mwanzo, Urambo.
Msabila shati jeupe, kaka zake watatu nyuma yake
kama uzio.
Hakimu akauliza: mdai anajua kusoma?
Kicheko kikapita benchi la nyuma, kidogo,
bisi mbili tatu kikaangoni.
"Kiasi," nikasema.
Nikapewa karatasi ya baraza.
Nilisoma kwa kidole, polepole,
shemeji mmoja akapiga miayo kwa makusudi,
*si-ku hi-yo m-ke a-li-a-ngu-ka ba-ni-ni*

nikasimama hapo.

"Mheshimiwa, hapa pana kosa."
"Kosa gani?"
"Hii *ka*. Isomeke *shwa*.
Sikuanguka. Niliangushwa.
Anayeanguka anaweza kuwa peke yake.
Anayeangushwa, hapo wako wawili."

Hakuna aliyepiga miayo.
Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi,
nami nikaisikia mpaka kwenye meno.
Nikatoa daftari. Pumba zikamwagika juu ya meza ya serikali,
nikazipangusa kwa kiganja, nikaomba radhi.
Likagongwa muhuri, kielelezo namba mbili,
na *juma nne* yake imeachana vilevile.

Nisikudanganye, shauri halijaisha.
Limeahirishwa hadi tarehe kumi na tisa.
Bani, ekari mbili, nyumba ya bati:
yeye anasema vyake, mimi nasema kilo 412.
Mama mkwe anatangaza kisimani kwamba shule imeniharibu.
Usiku, kwa dada yangu, bado nalala na viatu miguuni.

Ila siku ile, nikitoka,
nilipita kwenye ubao wa matangazo
nikatafuta jina langu kati ya majina ya wezi wa mizinga
na wadaiwa wa mbolea.
Nikalikuta. *Karunde.* Kwa ra.
Nikaazima kalamu kwa askari wa mlangoni.
Alinipa haraka, akitabasamu,
akidhani nataka kumwandikia namba ya simu.